Suzuki isiyo na funguo

Mwanakwerekwe, Unguja
Jumanne usiku

Sahibu yangu,

Assalaam aleykum. Huku sote wazima, mama anakusalimu na anauliza lini utavuka. Picha za Suzuki nimeziona. Umeikata paa, umeitia viti vya mbao, na hiyo rangi sijui niseme nini, lakini gari yako, macho yako. Mimi nimeshikwa na lile ulilouliza mwisho kama jambo dogo: funguo imevunjikia ndani, na sasa unataka uweke swichi ya juu-chini na kitufe cha kubonyeza, mambo ya funguo yaishe.

Yataisha. Ila fundi wako anayetaka kuipeleka waya ya stata (ile mota inayoizungusha injini mpaka iwake) moja kwa moja kwenye kitufe, mzuie kabla hajakata kitu. Solenoidi, kile kidude kilichokaa mgongoni mwa stata, inapovuta inaweza kula ampea kumi na zaidi. Vitufe vingi vinavyouzwa kwa ajili ya kupamba dashibodi havikutengenezwa kubeba hivyo. Kuungua si hasara kubwa. Kubwa ni zile sahani za ndani kugandana: umeshaachia kidole na stata bado inazunguka, unabaki kukimbilia spana ya betri.

Mzigo wape rilei, yaani swichi zinazovutwa na umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa. Zile za kawaida za volti 12, ampea 40, utaziona zina namba chini. Pini 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 inautoa, 85 na 86 ni za koili ya ndani, ambayo haili hata robo ya ampea. Rilei ya kwanza ni ya kuwashia mfumo: swichi ya juu-chini inaipa umeme 86, 85 inakwenda kwenye bodi, yaani chuma cha gari kilichoungwa na hasi ya betri, na 87 inalisha ile waya ya ignisheni. Rilei ya pili ni ya stata, na 87 yake inakwenda kwenye waya nyembamba ya solenoidi. Hapa ndipo pa kutumia akili: kitufe kisichukue umeme kwenye betri, kichukue kwenye 87 ya rilei ya kwanza na kuupeleka 86 ya rilei ya pili. Hivyo swichi ikiwa chini, kitufe ni pambo tu, abonyeze atakaye.

Na watabonyeza. Nyumba yako haikosi watoto, gari haina mlango, na wewe una tabia ya kuiegesha ikiwa kwenye giya. Siku utakayosahau swichi juu, mtoto akigusa kitufe gari inaruka mbele. Kwa hiyo 85 ya rilei ya pili usiifunge kwenye bodi moja kwa moja, ipitishe kwanza kwenye swichi ndogo ya pedeli ya klachi. Klachi isipokanyagwa, stata haiitiki. Ukinibishia mengine yote, hili usinibishie.

Usukani nao. Ukishaacha funguo, ile kufuli ya usukani haina mwenyewe. Kuna kipini cha chuma ndani ambacho kazi yake ni kuchomoka na kuubana usukani funguo inapotolewa, na katika kitasa kilichovunjika huwezi kukiamini kitakaa wapi. Huku kwetu Unguja tambarare labda ungebahatika ukaishia kichakani, lakini wewe unapanda na kushuka vilima na kona za huko Pemba kila siku. Kitoe chote, usikipinde wala kukifunga waya. Fanya hivyo kabla ya kugusa umeme.

Unasema watu wanakusifu kwa mambo ya kisasa. Wacha wasifu. Stata ya umeme ilikuja na Cadillac ya mwaka 1912, na kuwasha kwa kugeuza funguo kulianza na Chrysler mwaka 1949. Kabla ya hapo kubonyeza ndiyo ilikuwa desturi. Tena gari mpya za kitufe zina kompyuta inayojua injini imeshawaka. Yako haitajua, kwa hiyo ikishika tu, achia.

Taa ya chaji usiitoe, hata kama unataka dashibodi tupu. Alteneta nyingi za zamani zinaamshwa na umeme mdogo unaopita kwenye balbu ile. Ukiweka LED peke yake mahali pake, huenda isianze kuchaji, ukaja kumlaumu muuza betri.

Kuhusu wezi, swichi iliyo wazi kwenye dashibodi ni funguo uliyowaachia watu wote. Lakini kwa sababu waya ya 86 ya rilei ya kwanza ni nyembamba, unaweza kuikatiza kwa swichi nyingine ndogo ukaificha popote, chini ya kiti au nyuma ya paneli. Mahali penyewe usiniambie hata mimi.

Hiyo gari utaiingiza pwani, najua, hata nikikataza. Basi rilei zifunge ndani chini ya dashibodi, miguu ikitazama chini ili maji yadondoke yasikae. Teminali zibane kwa koleo lake, halafu uzivike mpira unaosinyaa kwa moto. Waya ya shaba iliyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, chumvi itaifanya kijani kabla msimu haujabadilika. Fyuzi ya ampea 30 iwe karibu na betri kabisa, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukilinda kikipiga shoti.

Sasa nipimie kitu. Kitasa kimevunjika, lakini swichi ya umeme ya nyuma yake kwa kawaida ni kitu mbali. Ifungue, uigeuze kwa bisibisi, giya ikiwa nyutro, na ushike taa ya kupimia. Rangi za waya usizifuate, gari hiyo imepita mikono mingi. Nataka kujua: stata inapozunguka, waya ya koili ya ignisheni, ile ya cheche za plagi, inabaki na umeme? Na ziko waya nyingine zinazowaka pamoja nayo lakini zinazima wakati wa stata? Zikiwepo, utahitaji rilei ya tatu ya kuzizima wakati huo. Nijibu kabla ya Alhamisi, kuna mtu anapanda boti ya Mkoani, nitampa mzigo wote.

Nduguyo