Karatasi za Vita vya Waingereza: Barua kwa Hamisi

Eltham, London

Sahibu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo inatunyoosha. Barua yako imefika na swali lako nimelielewa: uanze kumrekodi mzee akisimulia, au uanze na lile sanduku la vipeperushi vya kudai vyama vingi alilolificha chini ya kitanda tangu 1992? Umemwuliza mtu ambaye miaka hii yote amezama kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza wa karne ya 17, basi jibu likirefuka umelitaka mwenyewe.

Anza na sanduku. Mzee asubiri kidogo, na nitakwambia kwa nini.

Mwaka 1640 palikuwa na muuza vitabu hapa London, George Thomason, duka lake likiwa uwanjani pa Kanisa la Mtakatifu Paulo. Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge walikuwa hawasikilizani tena. Mwaka uliofuata Bunge likaivunja mahakama ya Star Chamber, iliyokuwa ikiwabana wapiga chapa, na baada ya hapo kila mwenye hasira na vijisenti alichapisha lake: wahubiri, askari, mafundi, wanawake. Thomason akajitwika kazi ya kukusanya kila kilichotoka, cha maana na cha upuuzi, mpaka 1661. Alipoacha alikuwa na vipande kama 22,000. Wingi huo unatajwa sana, lakini kilichonipendeza mimi ni kwamba juu ya ukurasa wa mbele alikuwa akiandika kwa wino tarehe aliyokipata kijitabu. Kwa hiyo ukiisoma Januari 1649, mwezi ambao mfalme alikatwa kichwa tarehe 30, unafuata siku kwa siku watu wa mjini walivyokuwa wakiogopa na kubishana, na hakuna hata mmoja anayejua kesho kutakuwaje. Hivi sasa mkusanyiko wote umo British Library. Kimojawapo mfalme mwenyewe alikiazima, kikaanguka matopeni, kikarudishwa na uchafu wake, na lile doa likahesabiwa kuwa heshima!

Usidhani vilikuwa vitabu vya jalada gumu. Karatasi moja inachapwa pande zote mbili, inakunjwa mara mbili, unapata kurasa nane, halafu unapitisha uzi mgongoni, basi. Kazi ya kushona mara nyingi ilifanyika nyumbani. Januari 1647 askari walimkuta Mary Overton akishona kurasa za kijitabu kisicho na kibali. Mumewe Richard alikuwa gerezani tayari kwa makosa yayo hayo. Mama wa watu akakataa kutembea, wakamburura barabarani na kitoto chake mkononi mpaka gereza la Bridewell. Jina la mumewe utalikuta katika kila kitabu cha historia. La kwake mpaka ulitafute.

Walikuwa wa kundi ambalo maadui zao waliliita Levellers, kwamba eti wanataka kuwasawazisha watu wote kama mtu anavyosawazisha tuta. Kinara wao, John Lilburne, ni jirani yangu kwa namna fulani, maana alifia hapa hapa Eltham mwaka 1657. Aprili 1638, kijana wa miaka ishirini na kitu, alifungwa nyuma ya mkokoteni akachapwa mijeledi mgongo wazi kutoka gereza la Fleet mpaka Westminster, kwa tuhuma za kuingiza vitabu visivyo na kibali kutoka Uholanzi. Kufika huko wakamtia kwenye mkatale. Hakunyamaza. Alihutubia, akachomoa vijitabu nguoni mwake na kuwarushia watu, mpaka wakamziba mdomo. Vita vilipoanza alipigana upande wa Bunge. Bunge liliposhinda na mfalme kuuawa, hazikupita hata wiki nne akatoa kijitabu cha kusema kwamba minyororo ni mipya tu, waliofungwa ni wale wale. Wakamfunga tena. Walimtania kwamba duniani akibaki Lilburne peke yake, basi John atagombana na Lilburne. Nami nakubali, alikuwa mtu wa kuchosha. Lakini wanawake wa London walikwenda Bungeni kumwombea yeye na wenzake, na walipoambiwa warudi nyumbani wakaoshe vyombo, jibu lililoripotiwa ni kwamba hawana vyombo vya kuosha wala chakula cha kuweka humo. Oktoba mwaka huo huo wa 1649 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru, mji ukalipuka kwa shangwe.

Sasa njoo kwenye kumbukumbu zilizoandikwa baadaye, ambazo ndizo zinazofanana na hayo atakayokusimulia mzee.

Lucy Hutchinson aliandika maisha ya mumewe, Kanali John, gavana wa ngome ya Nottingham na mmoja wa waliotia saini hati ya kumwua mfalme. Aliwaandikia watoto wake, baada ya mume kufia kifungoni mwaka 1664, na kitabu hakikuchapishwa mpaka 1806. Ana kalamu huyu mama, na anajitaja kama “yeye”, utadhani anamsimulia mtu mwingine. Anaeleza alivyowafunga vidonda mateka wa upande wa adui, na afisa mmoja wa upande wake akamkaripia kwa kuwahurumia maadui wa Mungu. Alijibu kuwa anatimiza wajibu wake kwao kama binadamu. Hapo namwamini. Anapofika 1660, mwana wa mfalme aliyeuawa amerudi kutawala na vichwa vinatafutwa, anasema mumewe alikuwa tayari kufa, na kwamba ile barua ya kuomba msamaha iliyomwokoa ni yeye mke aliyeiandika kwa jina la mume. Wapo wanahistoria wasiomwamini. Mimi pia nasitasita. Mjane anayewaandikia watoto atamwachaje baba yao apige magoti?

Edmund Ludlow, mwingine aliyetia saini, alikimbilia Uswisi akaandika yake. Zilichapishwa 1698, yeye ameshakufa, na kwa miaka mingi kila mtu alizitegemea. Mwaka 1970 sehemu ya mswada wake ikapatikana, kumbe mhariri alikuwa ameichuja dini karibu yote ili mzee aonekane mwanasiasa wa kisasa.

Na bado sitaki udhani kuwa kumbukumbu hazina kazi. Ann Fanshawe alikuwa upande wa mfalme, na mwaka 1676 alimwandikia mwanawe. Mumewe alipotekwa vitani Worcester mwaka 1651 na kufungwa Whitehall, Ann alikuwa akitoka saa kumi za alfajiri, taa ya kufunika mkononi, peke yake, anasimama chini ya dirisha na kumwita polepole. Siku za mvua, anasema, maji yalimwingia shingoni yakamtokea visiginoni. Kijitabu gani kingekupa hilo? Thomason na vipande vyake vyote elfu ishirini na mbili hana mvua ile.

Ndiyo maana nasema sanduku kwanza. Toa karatasi moja moja, andika kwa penseli, nyuma, pembeni, ulichokikuta na ilikuwa kati ya zipi na zipi. Zisipigwe pini, na usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wa pwani utazila. Zipige picha. Ukishazipanga kwa tarehe ndipo ukae na mzee, umwekee moja mbele yake na kumwuliza siku hiyo ilikuwaje. Akikwambia alijua tangu mwanzo kwamba watashinda, mnyamazie, mwonyeshe ya wiki iliyofuata.

Na mama yako umekaa naye? Hizo karatasi zilipigwa chapa wapi, nani alizikunja, zilibebwa ndani ya kanga ya nani? Barua yako nzima hukumtaja hata mara moja.

Nitumie picha za zile za mwanzo nizione. Wasalimie wote nyumbani, na yule mkorofi wako wa darasa la tatu mwambie baba yake mdogo anamkumbuka.

Wako,
Athumani