Malalamiko: seti ya mota ya umeme na sola kwa mashua, vifaa havilingani

Kwa Meneja wa Mauzo na Huduma,

KUH: MOTA YA KILOWATI 4 YENYE BETRI NA PANELI ZA SOLA

Tunaandika kwa niaba ya wamiliki na mafundi wa mashua za Lamu zilizofungwa seti yenu: mota ya kilowati 4, betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, paneli mbili za wati 330, kontrola ya MPPT (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri) na nyaya zake. Kila kifaa kikipimwa peke yake ni kizima. Kasoro ni kwamba havikuchaguliwa vifanye kazi pamoja, na kasoro moja inahatarisha maisha, kwa hiyo tunaanza nayo.

Bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, yaani BMS, ni ya ampea 60. Mpini wa kasi ukisukumwa mwisho, mota huvuta ampea 78, na volti zikishuka hadi 48 hufika 83, kwa sababu mota hudai nguvu ileile hata betri ikipungua. BMS ikizidiwa hukata umeme wote kwa ghafla, na haiurudishi mpaka mpini urudishwe sifuri. Nahodha hasukumi mpini mwisho kwa kupenda. Huusukuma anapoingia mlangoni maji ya bamvua yakipwa kwa nguvu, au tanga limekwisha teremshwa na chombo kinasukumwa mwambani. Mota huzimika hapo hapo inapotegemewa. Kwa sasa tumewaambia manahodha wasivuke ampea 55 kwenye mita, lakini hilo si suluhisho, maana mmeuza kilowati 4 na zinazotumika hazifiki 3.

Ya pili ni nyaya. Kutoka betri hadi mota ni mita 5, kwenda na kurudi mita 10, nanyi mmeleta waya wa shaba wa milimita 10 za mraba. Kwa ampea 80, waya huo hupoteza volti 1.4, yaani wati 112 zinazogeuka joto chini ya sakafu ya mbao, karibu na maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Wa milimita 35 za mraba ungepoteza wati 32 tu. Shaba yenyewe haikupakwa bati, na kwenye hewa ya chumvi huota kutu ya kijani kuanzia kichwani, chini ya plastiki isikoonekana. Na hakuna fyuzi kwenye kichwa chanya cha betri! Lithiamu ikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampea, na BMS peke yake haitegemewi kuzuia moto. Inatakiwa fyuzi ya aina ya Class T (inayokata haraka mikondo mikubwa) ya ampea 125, isizidi sentimita 18 kutoka betri.

Kuhusu sola, mafundi wenu wameunganisha paneli mbili kwa mfululizo, mpangilio unaofaa paa la nyumba. Mashua ina mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na tanga. Karatasi ya kila paneli inasema volti 37.5, lakini jua la mchana likiifikisha nyuzi 65 hubaki kama 31.5, hivyo mbili hutoa 63. Kivuli cha foromali, hata cha upana wa kiganja, kikilala juu ya theluthi moja ya paneli moja huondoa volti 10 na zaidi. Zinabaki takriban 52, nayo betri ikichajiwa iko 53 au 54. Kontrola yenu hushusha volti tu, haipandishi, kwa hiyo chaji hupungua na huenda ikasimama ingawa paneli ya pili iko juani. Kinachofaa ni kontrola ya kupandisha volti, moja kwa kila paneli, ili kivuli cha upande mmoja kisiue upande wa pili.

Kontrola hiyohiyo imekuja imewekwa mpango wa betri za asidi, pamoja na ule mzunguko wa kusawazisha unaopandisha volti kufikia 60. Seli 16 za betri hii haziruhusiwi kupita 58.4 zikiwa pamoja. Zikipita, BMS hukata betri, na kontrola iliyopoteza betri huku jua linawaka inaweza kurusha volti zinazoua vifaa vingine. Mpango sahihi ni volti 56.8, kusawazisha kuzimwe, na marekebisho ya joto yazimwe pia. Kijitabu chenu nacho kinaagiza kuunganisha paneli kwanza. Ni kinyume: betri hutangulia, na wakati wa kufungua paneli ndizo hutolewa kwanza.

Tangazo lenu linasema saa 6 kwa kasi yote na betri kujaa kwa jua la siku moja. Betri ina uniti (kilowati-saa) 5.12, na za kutumia kwa usalama ni kama 4. Kwa kasi yote ni saa moja. Kwa kilowati 1, takriban maili 3 za bahari kwa saa, ni saa nne. Paneli, kwa saa 5 za jua kali na baada ya kuondoa hasara ya joto na kulala bapa, huleta uniti 2 hivi, yaani siku mbili kujaza, na masika zaidi. Kwa kutoka na kuingia bandarini na kwa siku za shwari, kiasi hicho kinatosha vizuri. Mngekiuza hivyo tusingelalamika.

Tunataka, kwa gharama yenu na ndani ya siku 14: BMS ya ampea 120 au zaidi, au betri ya pili sambamba, nyaya za milimita 35 za mraba zilizopakwa bati, pamoja na fyuzi, kontrola mbili za kupandisha volti, kijitabu kilichosahihishwa, na tangazo kuondolewa. BMS itangulie, hata kama mengine yatachelewa. Mkikaa kimya tutafuata haki zetu chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Vipimo vya mita na picha za vichwa vya nyaya vimeambatishwa.

Wenu,
Wamiliki na mafundi wa mashua, Lamu