Barua kwa wanangu mnaotafuta kazi ambazo hazitawamaliza

Marahaba wanangu, nyie wenye usonji (autism), wenye ADHD (ubongo usiotulia, umakini unaoruka), wenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), na nyie ambao hamjapimwa ila mnajijua. Nawaandikia wote kwa pamoja maana maswali mnayoniletea yanafanana, na mi mwenyewe nimo humo humo, nimefanya kazi miaka mingi na kichwa cha aina hiyo, kwa iyo sio mambo ya kusoma tu haya.

Wengi mnauliza kazi gani inatufaa. Mi naona tuulize vingine. Karibu kazi yoyote utaiweza siku yako nzuri, umelala, hakuna kelele, umeamka na hamu. Usipime kwa siku hiyo. Pima kwa siku mbovu, ile ambayo hata kujibu meseji moja ni shughuli, jiulize siku kama hiyo hapa kazini nitafanya kiasi gani, na hicho kidogo kitanitosha nisifukuzwe? Kama jibu ni hapana basi hiyo kazi itakutema tu, hata kama mshahara ni mnono na kipaji unacho.

Kuna mtego nauona sana kwa wenye ADHD, ila na wengine wamo. Unaingia kazini kila kitu kipya, ubongo umewaka, unakaa mpaka usiku unamaliza kazi za watu watatu, bosi anafurahi anasema huyu sasa tumempata. Alafu upya unaisha, unarudi kwenye kasi yako ya kawaida ambayo ni nzuri tu, ila sasa unaonekana umekuwa mvivu maana ulishawazoesha kingine. Jamani anzeni polepole! Ripoti ya ijumaa ukiimaliza jumatatu kaa nayo, ipeleke alhamisi, hakuna atakayekufa.

Kingine ni kujificha. Kujilazimisha kumwangalia mtu machoni, kucheka utani ambao hujauelewa, kubana mikono isichezecheze, kufanya mazoezi ya sentensi kabla hujapiga simu. Kwenye intavyuu inasaidia sikatai, ila hiyo ni kazi ya pili juu ya ile uliyoajiriwa na haina malipo. Ukiifanya miaka na miaka kuna siku mwili unagoma, unachoka uchovu ambao wikiendi haiutoi, vitu ulivyokuwa unaviweza kama kupika au kuongea kwa kirefu vinapotea, taa na sauti ulizokuwa unavumilia zinaanza kuumiza kabisa, na watu wanasema umebadilika, unadeka. Sio kudeka. Kurudi kwenye hali yako kunaweza kuchukua miezi, wengine zaidi, kwa iyo ukiona dalili za mwanzo punguza masaa, punguza vikao, omba likizo kama ipo. Usisubiri mpaka uache kazi saa tisa usiku kwa imeili ndefu yenye hasira (mnajijua).

Sasa kuomba marekebisho, yaani kazi au mahali pa kazi parekebishwe kidogo uweze kufanya vizuri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 27 inahusu kazi, na ibara ya 2 inasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi, na nchi nyingi sana zimeuridhia. Mjue hilo lipo. Ila bosi wako hajausoma, ukienda na ibara mkononi siku ya kwanza utamtisha tu, iweke akiba ya siku ukikataliwa bila sababu. Anza na lugha ya kazi. Badala ya "samahani nina matatizo ya kusikiliza", sema "naomba maelekezo kwa maandishi, nikiyapata hivyo nakosea kidogo sana". Au "nikikaa mbali na mlango namaliza haraka". Au "kati ya hizi tatu ipi ianze, na ipi inaweza kusubiri wiki ijayo?" Mkishakubaliana mtumie meseji fupi ya kukumbushana mlichokubaliana, maana bosi anabadilishwa na anayekuja hajui kitu.

Umeona hapo hujataja jina la hali yako popote. Kulitaja ni uamuzi wako, na ukishalitaja halirudi mdomoni. Kabla hujasema jua unamwambia nani, na unataka nini kifuate. Kama hakuna unachotaka kifuate, unatafuta tu kueleweka, mi ningesema mwambie rafiki kwanza.

Na msikubali kusukumiwa kwenye kompyuta wote kama mbuzi zizini. Kampuni ya Specialisterne ilianzishwa Denmark mwaka 2004 na baba wa mtoto mwenye usonji, ikaajiri wenye usonji kupima programu, jambo zuri kabisa, ila siku hizi kila anayesikia usonji anaona fundi kompyuta. Wapo wanaozichukia. Wapo wanaoshona, wanaolea, wanaoendesha malori. Kujiajiri nako watu wanakusifia sana ooh hakuna bosi, kweli hakuna, ila kuna kuandika ankara, kudai wateja, kupanga siku yako mwenyewe, yaani mambo yale yale yanayotushinda. Kama utajiajiri tafuta mtu wa kukusaidia hayo mapema, hata kwa kubadilishana kazi.

Upande wa lugha nitakuwa mkali kidogo. Nasikia mnaitana taahira, zezeta, kwa utani, na mwingine akikosea anaambiwa ana mtindio wa ubongo. Mtindio wa ubongo ni hali inayogusa mwendo na misuli, wenye hali hiyo wanafanya kazi maofisini na wanawasikia. Acheni. Na linaloniudhi kuliko yote ni hili la "mi nina usonji ila sio kama wale". Wale wepi? Yule asiyeongea kwa mdomo anaandika, anaonyesha picha, ana maoni kuhusu wewe pia. Ukijinunulia heshima kwa kumkanyaga yeye, siku na wewe ukishindwa kuongea kikaoni utawekwa kundi hilo hilo ulilolikana.

Lakini pia msipigane kwa maneno nyie kwa nyie. Chukua hili jina la Asperger, ambalo zamani baadhi ya wenye usonji walipewa na madaktari. Mwongozo wa madaktari wa Marekani, DSM-5, uliliondoa mwaka 2013 hali yenyewe ikaingizwa ndani ya usonji, na mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech akatoa ushahidi kwamba daktari mwenye jina hilo alishirikiana na utawala wa Wanazi kule Vienna, akapeleka watoto kliniki ya Am Spiegelgrund ambako watoto waliuawa. Mimi silitumii tena. Ila kuna mtu mzima alipewa jina hilo zamani na ndilo la kwanza kumweleza kwa nini maisha yake yalikuwa vile, usimvamie mbele za watu. Muulize anapenda aitweje, basi muite hivyo.

Na nyie ambao bado hamna karatasi ya daktari, najua upimaji kwa watu wazima ni mgumu kupatikana na mahali pengi ni ghali. Karatasi huenda mkaihitaji mkidai haki kisheria. Kuomba maelekezo kwa maandishi hakuhitaji karatasi ya mtu yeyote, ombeni kesho asubuhi.