Karatasi ya maabara na lile pipa la klorini

Ndugu yangu Elia,

Habari za huko, na poleni na vumbi. Shikamoo ya mama nifikishie kabla hujasoma mstari mwingine, maana najua atauliza. Kimya changu kimekuwa kirefu, lawama nimezipokea zote, tutazimaliza tukionana.

Picha ya karatasi ya maabara ya maji ya kilula chenu, lile bomba la kijiji, nimeikuza mpaka ikasomeka: floraidi 6.8 mg/L (miligramu kwa lita), bakteria wa kinyesi hakuna. Halafu nikaona ulichoandika chini yake, kwamba kamati inakaa Jumamosi kupitisha fedha za pipa la klorini "ili kuua floraidi", na wananchi watatangaziwa wachemshe. Elia, mhazini ni wewe. Usisaini.

Floraidi haina uhai wa kuuawa. Ni madini ya mawe ya volkano ya Mlima Meru, yameyeyuka ndani ya maji kama chumvi kwenye mchuzi. Klorini inaua vijidudu na kazi yake inaishia hapo. Kuchemsha ndiyo kabisa: ukibandika lita 5 zenye 6.8 zikakaukia hadi lita 4, mvuke umekwenda zake na floraidi imebaki yote, sasa una 8.5. Fikiria makande yanavyokaa jikoni saa tatu huku yanaongezwa maji. Na magadi juu yake! Magadi nayo yana floraidi, mengine nyingi ajabu, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Mwambie Mama Neema maharage ayaloweke usiku kucha, magadi ayasahau.

Mwenyekiti atatoa ile karatasi yake ya zamani iliyosema maji ni salama. Hadanganyi. Nchi iliwahi kuruhusu hadi 8 mg/L kwa maji ya vijijini kwa kuwa vyanzo vingine havikuwepo, baadaye ikawa 4, sasa ni 1.5, sawa na Shirika la Afya Duniani. Maji ni yaleyale, kiwango ndicho kilichoshuka. Mweleze hivyo pembeni, usimuumbue mbele ya watu, utamhitaji. Na yule atakayesimama kusema "mbona yetu ni meupe, si kama ya kule Maji ya Chai, yenye rangi ya chai", mjibu kwamba floraidi haina rangi wala harufu wala ladha.

Sasa mfanye nini? Mimi ningeanza na mabati, kabla ya mtambo wowote. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Nyumba ya watu watano inahitaji kama lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia; kufua, kuoga na ng'ombe waendelee na kilula. Na hizo 20 si lazima ziwe za mvua tupu: ndoo 1 ya kilula ukiichanganya na ndoo 4 za mvua unapata 1.36, umepita. Ndoo 1 kwa 3 inakupa 1.7, hapo umekosa, kwa hiyo msikadirie kwa jicho. Maana yake ni lita 16 za mvua kwa siku. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba zinafika kama lita 2,450, kwa hiyo simtanki la 2,000 litawaishia mwanzoni mwa Oktoba, la 3,000 litawavusha hadi vuli. Bati la mita za mraba 40, ukitoa kinachomwagika na kukauka, linakupa kama lita 32 kwa kila milimita 1 ya mvua. Masika ya huko yanalijaza bila shida. Dakika za mwanzo za kila mvua zimwagwe, zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Kwa wasio na bati la maana wala fedha za simtanki, kuna mkaa wa mifupa, zile chengachenga ambazo kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamezifanyia kazi miaka mingi. Mfupa una madini yanayoikamata floraidi na kuishikilia. Ndicho kinachotokea kwenye meno na mifupa ya watoto wenu, tofauti ni kwamba hapa mfupa wa ng'ombe unakaa kwenye ndoo na kuipokea kabla yao.

Lakini hapa ndipo miradi mingi inapofia, kwenye kuchoma. Mfupa unasafishwa nyama na mafuta, unachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500 hivi. Ukitoka mweusi tii bado una mafuta: maji yatakuwa ya njano yenye harufu ya nyama iliyoungua, na mtu akiyaonja mara moja harudi tena. Ukitoka mweupe kama chaki umezidi moto, nguvu ya kukamata imepungua. Mnataka kijivu. Kabla hamjalipia gunia, chukua konzi moja, loweka kwenye glasi ya maji safi usiku mzima, asubuhi unuse. Fundi akikataa hilo, gunia lake abaki nalo.

Ndoo ya lita 20 inachukua kilo 10 za chenga za milimita 0.5 hadi 2, zilizooshwa mpaka maji yatoke maangavu. Chini weka kokoto safi, na bomba lenye matundu madogo ndani ya kokoto. Mpira wa kutolea maji upandishwe nje ya ndoo, mdomo wake uwe juu kidogo ya usawa wa chenga, ili chenga zisikauke hata siku moja. Zikikauka hewa inaingia katikati, maji yanajichimbia njia yake na kupita bila kusafishwa. Halafu subira: jagi la lita 1 lisijae chini ya dakika 5. Watoto watafungulia bomba lote, hilo lijue mapema, mkaze koki iachie kidogo tu.

Na chenga zinachoka. Chukulia gramu 1 inakamata miligramu 1 (zinaweza zaidi, ila usizitegemee): kilo 10 zinabeba miligramu 10,000. Kila lita inaacha kama miligramu 6, kwa hiyo lita 1,650 hivi, siku 80 kwa nyumba ya watu watano. Baada ya hapo ndoo inaonekana ileile, maji yanatoka maangavu vilevile, na floraidi inapita. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, maana hakuna dalili. Andika tarehe ya kuanza kwa rangi ubavuni mwa ndoo.

Klorini sasa? Ina nafasi yake, chupa ndogo tu. Ndani ya chenga vijidudu vinaweza kuzaliana, kwa hiyo dawa itiwe kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa. Ukiitia kabla, mkaa unaimeza yote.

Njia ya kutia shabu na chokaa majini nilitaka kuiruka, ila shemeji yako ataitaja. Inawezekana: kwa ndoo ya lita 20 hutumika gramu 12.8 za shabu na 6.4 za chokaa, koroga haraka dakika 1, polepole dakika 5, acha saa nzima, chota ya juu. Shida ni ya kila siku: mtu anapima kwa kijiko, chokaa ikiisha anatia shabu peke yake, na tope la chini akilikoroga floraidi inarudi majini. Sioni nyumba ikidumu nayo mwaka.

Jambo jingine, Waislamu wa kule bondeni watauliza ni mifupa ya mnyama gani. Wana haki. Itoke machinjioni, ng'ombe waliochinjwa, na mliandike hivyo kwenye mkataba kabla hawajauliza.

Sampuli ya pili chukua kwa chupa ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji hayohayo. Ya kioo acha, floraidi inaweza kushambulia kioo na jibu likaharibika.

Sasa nijibu haya. Ile chemchemi ya juu kwa babu mmewahi kuipima? Chemchemi mbili za mlima mmoja zinaweza kupishana sana, na ikiwa na 0.8 tu, ndoo 8 zake kwa 1 ya kilula inatosha, hata mifupa msihangaike. Nyumba ngapi zina bati? Shule ina mabati mangapi, na mifereji ilishawekwa au bado ni ahadi? Mtoto wa Neema ana miezi mingapi, bado ananyonya? Aendelee, maziwa ya mama hayapitishi floraidi ya maana. Akianzishiwa uji uwe wa maji ya mvua, kwa kuwa meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi, na kazi hiyo inaendelea mpaka karibu miaka minane. Na yule fundi wa pipa amekwishalipwa kianzio?

Nijibu kabla ya Jumamosi, hata kwa ujumbe wa mstari mmoja.

Wako,
Fundi