Muulizeni Mama Yale Aliyoyanyamazia

Mabinti zangu,

Nina miaka 71. Ni mkunga mstaafu, mama wa watoto watatu na bibi wa wajukuu saba. Nawaandikia nyote: mlio na mama, mliokwisha kuzika mama, mliolelewa na bibi, shangazi au mama wa kambo, na nyie ambao kutaja tu neno mama kunawauma. Kwa miaka 34 nimesimama kando ya vitanda vya leba, na jambo nililoliona pale sitaki nife nalo.

Tukiulizwa mama zetu walitufunza nini, wengi hujibu haraka: kazi, adabu, usafi, kumcha Mungu. Ni majibu ya kweli na sina neno nayo. Lakini ninavyokumbuka mimi, mama hakuniketisha hata siku moja akaniambia sikiliza nikufunze maisha. Alikuwa fundi cherehani. Alishonea watu nguo mchana, na usiku macho yakiwa yamechoka alipiga pindo kwa mkono. Mteja akija kuchukua nguo yake, mama alimkabidhi na mabaki ya kitambaa yamefungwa vizuri, hata kama ni kipande kisichozidi kiganja. Hakuna aliyekuwa akiyadai. Mafundi wengine waliyaweka, wakayashonea watoto wao. Nilimuona akifunga yale mabaki mara mia na mia tena, na ndiyo maana katika kazi yangu sikuweza kuchukua hata bandeji ya wodini. Nilifunzwa uaminifu bila kuambiwa neno uaminifu.

Nikiwa na miaka tisa, mkasi wake mkubwa ulipotea. Aliniona mimi ndiye niliyeuchezea, akanichapa, nikalala nalia. Kesho yake aliukuta kwenye mfuko aliobebea nguo za mteja. Alikuja nilipokuwa nimekaa, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema, "Nimekukosea mwanangu. Nisamehe." Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kumwambia mtoto maneno hayo. Miaka mingi baadaye, siku nilipomfokea msichana aliyekuwa akijifungua mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimechoka na wodi imejaa, nilirudi kitandani kwake asubuhi nikamwomba radhi. Wenzangu walishangaa. Mimi nilikuwa narudisha nilichopewa.

Hayo ndiyo mama aliyonionyesha. Yapo aliyonificha, nayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mama yangu alikuwa na uvimbe kwenye titi. Aliufunika chini ya nguo zake kwa muda mrefu, na mimi wakati huo nilikuwa tayari mkunga. Mchana kutwa nilikuwa nawagusa wanawake wa watu, nawauliza wanapoumwa, na mwili wa mama yangu mzazi sikuujua. Aliponionyesha, uvimbe ulikuwa umeshakuwa kidonda. Alifariki mwaka 1983, akiwa na miaka 52. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Lakini mama hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa na haya, na haya hiyo alifunzwa na mama yake.

Nasema hivyo kwa sababu baada ya maziko, mama yangu mdogo alinivuta pembeni akaniambia kwamba bibi naye alikufa "kwa jipu la kifuani" kabla hajafika miaka 45. Kumbe walijua! Wanawake wawili wa nyumba moja, na hakuna aliyenitamkia.

Msiingiwe na hofu kupita kiasi. Saratani nyingi za matiti hazitokani na urithi. Zinazorithiwa moja kwa moja hukadiriwa kuwa kati ya 5 na 10 katika kila 100. Lakini kwa familia zenye urithi huo, kujua ni jambo kubwa. Jeni, yaani chembe ya urithi, inayoitwa BRCA1 ilitambuliwa mwaka 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata, na yoyote kati ya hizo mbili ikiwa na hitilafu huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi. Baba naye anaweza kukurithisha, kwa hiyo msiishie upande wa mama, ulizeni na shangazi zenu. Na msiulize tu kama aliugua. Ulizeni alikuwa na umri gani alipogundulika, kwa sababu madaktari wengi humshauri binti aanze vipimo miaka kama kumi kabla ya umri huo. Ukienda hospitali na tarakimu hiyo moja mdomoni, umemrahisishia daktari kazi na pengine umejiongezea miaka.

Ulizeni pia walivyojifungua. Kliniki nilikuwa nauliza kila mjamzito, "Mama yako alipokubeba wewe na ndugu zako, alipata presha? Alivimba? Alipata kifafa cha mimba?" Tisa katika kumi, nikikisia kwa kumbukumbu yangu, walinitazama tu. Hawajui. Mama yupo hai, anapiga simu kila Jumapili, na binti hajui kwamba siku aliyozaliwa yeye mama alipoteza fahamu. Binti ambaye mama yake alipata presha kali ya ujauzito ana hatari kubwa zaidi ya kuipata yeye mwenyewe. Hilo likijulikana mapema atafuatiliwa kwa karibu, na daktari anaweza kumwanzishia dozi ndogo ya aspirini kabla ya wiki ya 20. Asijinunulie mwenyewe dukani. Daktari ndiye apime na aamue. Lakini daktari atajuaje, ikiwa mama hakusema na binti hakuuliza?

Wahenga wana methali nyingine ambayo sisi wakunga tuliipenda kupita zote: mficha uchi hazai. Nimeiona ikitimia kwa macho yangu. Anayebana miguu kwa aibu hujichelewesha na kumchosha mtoto. Nikajiuliza mara nyingi, mbona tukishazaa tunarudi kujificha, na tunayemficha ni yule yule tuliyemzaa?

Nikiwa na miaka 46 nilianza kuamka usiku nimelowa jasho, moyo unakwenda mbio, mchana nakasirikia vitu visivyo na maana. Nilidhani naugua ugonjwa mbaya. Kisha usiku mmoja nikajikuta nimesimama dirishani, nimelifungua, upepo unanipiga usoni, nikamkumbuka mama amesimama hivyo hivyo, karibu na mwisho wa maisha yake. Nilikuwa namuuliza, "Mama, vipi?" naye anajibu, "Joto tu, lala." Kukoma hedhi huwafika wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, na umri ambao mama alifikia hatua hiyo mara nyingi hudokeza umri wa binti. Ni habari ya kujua mapema, hasa kwa nyie mnaopanga kuzaa mkiwa mmeshapita miaka 35. Kama mama yako alikoma akiwa na miaka 40, inakuhusu wewe leo.

Hapa niwape jambo moja ambalo hunisisimua kila nikilifikiri. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, kufikia kama wiki ya 20 ya mimba, ovari zake zinakuwa na mayai machanga milioni sita au saba. Hatazalisha mengine kwa wingi huo tena. Akizaliwa yanakuwa yamepungua hadi milioni moja au mbili. Maana yake yai ulilotokana nalo wewe lilitengenezwa mama yako akiwa tumboni mwa bibi yako. Bibi aliwabeba nyote wawili. Inakuwaje basi watu waliokaa pamoja kwa ukaribu huo washindwe kuambiana umri wa kukoma hedhi?

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Mama alikuwa na kopo la vifungo, na chini ya vifungo akiba yake. Kopo lile lilinisomesha. Nilijifunza kuwa na changu, na nawaombeni nanyi muwe na chenu: akaunti yenye jina lako, na usiweke sahihi kwenye karatasi ambayo hujaisoma. Ila nilijifunza pia kwamba akiba ya mwanamke ni siri na mapato yake ni ya kuogopea, na hilo lilinichukua miaka mingi kuliondoa. Chukueni akiba, acheni kopo.

Kuna somo moja la mama zetu ambalo nalipinga waziwazi, hata kama wengine wa rika langu watanikasirikia. Somo la kuvumilia. Nimewapokea wodini wajawazito wenye alama za vidole shingoni. Nikifunga pazia na kuuliza, "Mama yako anajua?" jibu lilikuwa, "Anajua. Ameniambia nivumilie, hata yeye alivumilia." Nawaelewa mama hao. Wengi wao walisema hivyo kwa sababu zama zao hawakuona mlango mwingine. Aliyemwambia binti avumilie alikuwa anampa silaha pekee aliyokuwa nayo. Lakini kuelewa hakunifanyi nikubali. Uchungu wa leba nawaambia wanawake wauvumilie kwa sababu najua unaelekea wapi: saa zinakwenda, mlango wa uzazi unafunguka, mtoto anatoka. Kipigo hakina mtoto mwishoni. Binti yako akikujia na alama, usimpe uvumilivu. Mpe kitanda chako, kisha mpeleke kwenye msaada.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu: nadhani hakuna methali iliyotumika kuwasuta akina mama kama hii. Binti akiteleza, mama ndiye anayetupiwa. Mimi nikiisikia siku hizi namfikiria yule mama mwenyewe, naye aliyefunzwa na nani? Wapo waliozaa wakiwa watoto. Wapo waliofiwa na mama zao leba, wakakua wakibahatisha. Kama mama yako alikuwa mkali, au hakuwa na maneno ya upendo, au aliondoka, sikulazimishi umsifu. Haya ninayosema ya mwili unaweza kuyapata kwa dada yake, kwa jirani aliyekuwa naye alipojifungua, hata kwenye kadi yake ya zamani ya kliniki ikiwa imetunzwa. Unayo haki ya kuyajua hata kama hamsemezani.

Na mkimuuliza, msimhoji kama askari. Nimejaribu njia nyingi na wanawake wa rika zote, na nimeona kwamba mwanamke husema mikono yake ikiwa na kazi na macho yake hayatazamani na yako. Mkunje nguo pamoja. Msuke nywele. Mtembee naye, bega kwa bega, taratibu. Anza mbali, utotoni kwake: "Mama, ulipovunja ungo nani alikuambia kinachotokea?" Swali hilo halijawahi kuniangusha. Wengine hucheka, wengine hunyamaza kidogo kisha wakasema, "Hakuna aliyeniambia. Nilidhani nakufa." Hapo ndipo mlango umefunguka, usiharakishe kuingia. Siku hiyo mwache aongee ya usichana wake. Ya mimba zake yatakuja safari ijayo, ya maradhi baadaye zaidi. Akisema sitaki, muache, umuulize tena baada ya mwezi.

Muulize na alichokitaka. Mama yangu sijui alitaka nini. Najua alivyoshika sindano, najua wimbo aliouvuma akipiga pindo, najua kila mkunjo wa mkono wake. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita alikuwa anaota kuwa nani, sikuwahi kuuliza, na mama mdogo ambaye angenijibu naye ametangulia.

Mimi nimefungua daftari kwa ajili ya binti zangu wawili na kwa mvulana wangu, kwa kuwa naye ana mabinti. Nimeandika: hedhi ya kwanza, miaka 13. Mimba nne, moja iliharibika wiki ya 11, na sikumwambia mtu isipokuwa baba yao. Mimba ya pili presha ilipanda wiki ya 34. Hedhi ilikoma miaka 49. Matiti, nimepimwa kila nilipotakiwa, hadi sasa salama. Ukurasa wa mama yangu nao nimeujaza kadiri ninavyojua. Ukurasa wa bibi una jina lake na maneno matatu, jipu la kifuani, na chini yake mistari mitupu. Binti yangu mkubwa anakuja Jumamosi. Nitamkabidhi daftari, tukae, anisomee kwa sauti, anapotaka kuuliza aulize.

Ni mimi, mama yenu na bibi yenu,
Mkunga mstaafu