Risala ya Kamati ya Wazazi wa Klabu ya Michezo ya Watoto kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Msimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Klabu, makocha wetu, wazazi wenzetu na ninyi wachezaji wetu wapendwa, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya kamati ya wazazi, tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Tunajua ratiba yako imebana, na kufika kwako ni heshima tutakayoikumbuka siku nyingi.

Mheshimiwa, klabu hii ilianza na mipira miwili na kocha mmoja wa kujitolea. Leo ina timu za soka, netiboli na riadha, na jina lake linatajwa kwa heshima popote watoto wanaposhindania kombe. Msimu huu netiboli imeshika nafasi ya tatu, matokeo ambayo hayajawahi kuonekana katika historia ya klabu, na wanariadha wetu wamerudi na medali mbili za shaba. Haya ni matunda ya makocha wetu na ya uongozi wenu mahiri.

Sasa timu inayoshinda husafiri, na inayosafiri mbali hulala huko. Hapo ndipo lilipo ombi letu, nalo ni moja tu.

Tunaomba kila safari ya kulala iwe na matroni na patroni wasio makocha, waliochunguzwa mwenendo wao kabla ya kukabidhiwa watoto. Pamoja nao tunaomba fedha za malazi, ili wasichana walale mbali na wavulana, wadogo mbali na wakubwa, na watu wazima wawe na vyumba vyao wenyewe, karibu kiasi cha kumsikia mtoto akiita.

Mheshimiwa, turuhusu tueleze safari yetu ya mwisho. Fedha zilitosha mtu mzima mmoja, naye alikuwa kocha. Watoto wote walilala katika ukumbi mmoja, kocha akatandika godoro lake mlangoni. Usiku wa manane mtoto mmoja akabanwa na pumu. Kocha alimbeba akamkimbiza hospitali, na alifanya lililo sahihi. Waliobaki ukumbini walibaki na dereva wa basi la kukodi, ambaye hakuna mzazi hata mmoja aliyejua jina lake. Fomu za afya zilikuwa zimefungiwa ofisini, hivyo hata daktari hakuweza kuambiwa mtoto yule anatumia dawa gani. Tunamshukuru Mungu, wote walirudi salama. Lakini usalama ule hatukuupanga sisi.

Wapo watakaosema tunatia chumvi. Nchini Uingereza, kocha wa soka Barry Bennell alikuwa akiwalaza wavulana nyumbani kwake, na wazazi waliona ni bahati mtoto wao kuchaguliwa. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 31 kwa kuwadhalilisha wavulana kingono. Nchini Marekani, mwaka huohuo, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, alihukumiwa kifungo kwa kuwadhalilisha wasichana vivyo hivyo. Kambi ya mazoezi alikowahudumia wasichana ilikuwa mbali, na wazazi hawakuruhusiwa kukaa na watoto wao huko. Watoto wengine walikuwa wamesema mapema, wakaambiwa wamemwelewa vibaya.

Ndiyo maana tunasisitiza walezi wasiwe makocha. Mtoto anayeogopa kuachwa nje ya kikosi atamshitaki vipi anayekipanga kikosi? Na tuseme wazi kwamba hatumshuku kocha wetu yeyote. Kocha anayeachwa peke yake na watoto usiku kucha hana shahidi siku akisingiziwa, kwa hiyo ulinzi huu ni wake pia.

Sisi wazazi nasi tulikosa. Tumekuwa tukisaini fomu za ridhaa bila kuuliza watoto watalala wapi, na nani atakuwa nao. Sasa tunauliza. Tumekubaliana pia kwamba mtoto atasafiri na nakala ya taarifa zake za afya, na watoto watahesabiwa kila wanapopanda na kushuka. Hayo hayahitaji fedha, tutayafanya wenyewe.

Yanayohitaji fedha, Mheshimiwa, tumeyaomba kabla ya leo. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi hapahapa uliposimama, nasi tukapiga makofi hadi viganja vikauma. Tuliandika barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba suala letu linashughulikiwa. Mbili zilizofuata hazikujibiwa hadi leo. Mwaka jana tuliletewa jezi. Tulizipokea kwa mikono miwili, na watoto wamezivaa mbele yako. Ila hatukuwa tumeomba jezi.

Safari ijayo ni mwezi ujao, na ni ya kulala siku mbili. Kwa heshima zote, tunaomba leo, kabla hujaondoka, ututajie tarehe ambayo fedha zitafika na jina la ofisa tutakayemfuatilia. Ikiwa hazitafika kabla ya safari, kamati imeamua kwamba timu haitakwenda, na tutawaeleza watoto sababu.

Mheshimiwa, tunakukabidhi risala hii pamoja na nakala za barua zetu tatu na bajeti ya walezi na vyumba, iliyosainiwa na wazazi wote. Kalamu iko juu ya meza.

Ahsante kwa kutusikiliza. Karibu uzungumze nasi.