Kabla uambiwe bodi imeungua, fungua mfereji kwanza

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika kwa ukurasa wenu juzi juzi ati hizi mashine za kufua za kufungulia juu ni kupoteza pesa, yake imekufa mara tatu kwa mwaka mmoja na sasa amerudia mama fua. Mimi sina ugomvi na mama fua, wetu bado anakuja Jumamosi kwa mablanketi na mapazia na anakunywa chai kama mtu wa nyumba, lakini nilivyosoma ile barua nikasema huyu mtu ameuziwa bodi, ile sakiti ya stima inayoongoza mashine. Najua juu na mimi nilikua karibu kuuziwa.

Naishi Migosi hapa Kisumu, nyumba ya juu kabisa, na tenki la ploti liko tu hapo kwa paa juu ya kichwa yangu. Mashine yangu ilifanya kazi miezi minne vizuri halafu siku moja ikaanza kusumbua, maji yanaingia kidogo kama ya mtoto anakojoa, inangoja, inangoja, halafu inapiga kelele na kuandika herufi mbili nyekundu na kusimama. Nikaita fundi. Akaja na mkoba, akawasha, akasikiliza kama daktari, akazima, akasema mama bodi imeungua, ni elfu kumi na nne, nipatie nusu niende nikuagizie. Hakugusa hata mfereji! Sikua na hiyo pesa na hiyo ndio iliniokoa, si akili.

Jirani wa chini kabisa ana mashine aina ile ile, tulinunua duka moja, na yake inajaza bila shida. Hapo ndio nikaanza kujiuliza. Nikafungua ile paipu ya kuingiza maji, nikaelekeza kwa debe la lita ishirini na nikashika saa: dakika sita na kitu. Nikashuka kwa jirani na debe ile ile, haikufika dakika mbili. Sasa hiyo ni bodi kweli?

Nikatoa kijitabu cha mashine chini ya kitanda (kiko kwa lugha kumi na moja na Kiswahili haimo, hiyo ni hasira ya siku ingine) na nikaona wameandika inataka msukumo wa maji usiopungua 0.3 bar. Kijana wangu wa sekondari akanieleza kitu kilichonishangaza, ati maji ya kusimama mita kumi kwenda juu ndio yanatoa 1 bar, kwa hivyo 0.3 ni kama mita tatu kutoka maji ya tenki hadi mahali paipu inaingilia mashine. Kwangu ni mita moja na nusu hivi. Kwa jirani wa chini ni ploti nzima. Na ile valvu ya kuingiza maji ndani yake kuna kiwambo cha mpira, stima inafungua kitundu kidogo tu halafu ni maji yenyewe yanainua ule mpira, sasa maji ikiwa haina nguvu mpira unainuka nusu ama unakataa kabisa. Na saa zingine unakataa kufunga vizuri, ndio unakuta mashine imezimwa lakini ndani kuna maji yanadondoka usiku kucha.

Lakini si msukumo peke yake. Pale paipu inashikana na mashine, ukifungua ile nati ya plastiki kwa mkono, ndani kuna kineti kidogo kama cha kuchuja chai. Yangu ilikua imejaa matope mekundu, laini, mazito kama uji wa wimbi umelala. Mnajua maji yetu mvua ikinyesha, na tenki la ploti lenyewe sijui liliosheka mwaka gani. Nikafunga mfereji, nikavuta kineti polepole na koleo, nikakisugua na mswaki mzee, nikarudisha. Maji yakaongezeka mara hiyo hiyo. Haikutosha kabisa juu mita ni mita, na landilodi nimemwambia ainue tenki akaniuliza kama ninalipia chuma, lakini nimepata dawa. Mashine ya kufungulia juu ina uzuri moja ambao ile ya mlango wa mbele haina, unaweza kuimwagia maji na ndoo. Ndani kuna kimrija kinapima maji imefika wapi, hakijali imeletwa na paipu ama na mama watoto. Unajaza hadi ile alama uliyochagua na inaanza kuzungusha. Siku mfereji umekauka, na tunazijua hizo siku, mimi nafua tu kama kawaida na maji ya dramu ya nje.

Sasa ya dada yangu wa Nakuru ndio kichekesho. Yeye yuko Section 58, aliweka mashine kwa balkoni, na paipu ya kutoa maji akaipitisha juu ya kale kaukuta ka mbele ndio maji yaanguke nje vizuri. Mashine inafua, ikifika kumwaga inakwama, nguo zimelala ndani ya maji ya sabuni mpaka jioni. Fundi akamwambia pampu imekufa. Mhariri, ile mashine haina pampu! Nyingi za hizi za juu zinazouzwa huku hazina, kuna kimota kidogo tu kinavuta mlango wa chini, unasikia tak, halafu maji yanateremka yenyewe kwa uzito wake. Kwa hivyo paipu lazima ilale chini, ukiinua hata sentimita ishirini umemaliza. Nilimwambia kwa simu ateremshe paipu na nikasikia maji yakitoka kabla hajakata. Zile ziko na pampu ni vingine, hizo utasikia zikinguruma wakati wa kumwaga, na hizo wanataka paipu iinuliwe, angalia picha kwa kijitabu kabla ufunge chochote na waya.

Sabuni. Hapa ndio tunakosea wengi na hatutaki kuambiwa. Sabuni ya unga ya kufua kwa mkono imetengenezwa itoe povu juu sisi tunaamini bila povu nguo haijaosheka, ukiiweka kwa mashine povu inajaa, dramu ikitaka kuspini inazunguka ndani ya povu kama imefungwa breki, maji hayatoki yote, inarudia kusuuza, inakula maji na tokeni za stima na mwishowe nguo zinanuka na zinakwaruza. Nunua ile imeandikwa ya mashine, na kama mfuko hauruhusu basi weka kidogo sana ya kawaida, vijiko viwili vya mezani kwa nguo za kiasi, na uiyeyushe kwanza kwa maji. Ile sabuni inabaki na ile ya kulainisha nguo inajibandika nyuma ya dramu pahali huoni, inaota ukungu, halafu siku moja shati nyeupe ya shule inatoka na vipande vyeusi kama majani ya chai. Watu wanadhani ni maji chafu. Ni mashine yenyewe inataka kuoshwa. Mimi mara moja kwa mwezi naijaza juu kabisa bila nguo, naongeza sufuria mbili za maji moto (si ya kuchemka, plastiki itapinda), namwaga jik kikombe, naiacha izunguke kidogo, nazima ikae saa moja halafu namaliza na kusuuza mara mbili. Wengine wanatumia siki, ni sawa, lakini siku ya jik iwe ya jik na siku ya siki iwe ya siki, ukichanganya inatoa gesi ya klorini na hiyo inachoma mapafu, na bafu zetu hazina hata dirisha. Na ukimaliza kufua wacha mfuniko wazi ikauke, isipokuwa kama una watoto wadogo wa kupanda panda, hapo ufunge na kuchomoa waya.

Kale kamfuko ka neti kanakoshika manyoya ndani ya dramu ukamwage kila ukifua, hiyo sitaieleza.

Kutembea je? Mashine ikianza kuspini na inakufuata hadi jikoni, kwanza fungua uangalie, kawaida ni blanketi moja ama jinzi zote zimeenda upande moja, zitandaze upya. Kama haijakua hivyo, shika kona mbili zinazotazamana kimshazari na usukume, ikicheza miguu haiko sawa, zungusha mguu hadi itulie halafu kaza nati yake. Pima maji ya fundi wa mawe inatosha, ukikosa weka beseni ya maji juu yake na uangalie. Na kama miguu iko sawa na nguo ni kidogo lakini dramu bado inagonga kuta, bonyeza dramu chini na mkono uachilie. Inafaa iinuke na itulie haraka. Ikiendelea kuruka ruka kama matatu ya shoksi zimeisha, basi zile fimbo nne zenye springi zinazoning'iniza dramu zimechoka, na zinanunuliwa zote nne pamoja, si moja.

Si ati mimi nachukia mafundi. Kuna kazi yao na sitaigusa. Mashine ikinguruma bila kuzunguka inaweza kuwa kapasita, kale kakopo ka kuanzisha mota, na hiyo hata ukichomoa waya inabaki na stima ndani, itakurusha. Ukisikia harufu ya mpira unaungua, mara nyingi ni mkanda wa kuzungusha dramu. Ukigusa chuma cha nje cha mashine na uhisi inakuwasha mikono, hapo usifue tena hata soksi, ni waya ya ardhi haifanyi kazi ama kuna mahali inavuja, iite fundi wa stima aangalie soketi na nyumba. Na kweli bodi huungua, sisi tuko kwa ziwa, ngurumo za jioni hapa si mchezo, stima inapotea na kurudi na nguvu, kwa hivyo wingu likiwa jeusi upande wa Kakamega mimi nachomoa. Lakini mara nyingi kuungua kwa bodi kuna dalili, taa haziwaki, ama inabonyezwa haisikii. Bodi imeungua halafu inakuandikia herufi vizuri vizuri ikikueleza shida? LG wakiandika IE, Samsung wakiandika 4C, wote wanasema kitu moja, maji hayaingii.

Huyo msomaji mwenzangu kama bado anasoma hili gazeti, afungue kineti aangalie, ateremshe paipu, apunguze sabuni. Na kama ameshaiuza kwa yule fundi, tafadhali aandike tena atuambie alipewa pesa ngapi.

Mama wa watatu,
Migosi, Kisumu